Kuvua Trauti kwa Nzi wa Bandia Majira ya Kuchipua: Maziwa ya Kamloops na Mto Bitterroot

Katika maziwa yaliyo karibu na Kamloops, jimboni British Columbia nchini Kanada, na katika Mto Bitterroot ulioko Montana, Marekani, mvuvi wa majira ya kuchipua anahitaji kipimajoto kuliko anavyohitaji kalenda. Joto la mwili wa trauti, samaki wa maji baridi, hufuata joto la maji, na ndiyo maana katika maji ya nyuzi 4 za Selsiasi hula kidogo na hakimbizi chochote, ilhali maji yakifika nyuzi 10 hadi 15 hula kwa bidii. Hakuna haja ya kuamka alfajiri: mwanzoni mwa majira haya, saa zenye mavuno ni kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, jua likishapasha maji moto kidogo.

Ziwani, usikimbilie maji mara tu barafu inapoyeyuka. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo ziwa zima linapofikia joto hilo upepo huyachanganya maji ya juu na ya chini, na uchafu pamoja na maji yenye oksijeni kidogo hupanda kutoka kilindini. Kwa siku kadhaa ziwa huwa na rangi ya matope na samaki hawashiki ndoano. Afadhali uhamie ziwa lililo juu au chini zaidi mlimani, kwani maziwa hayafunguki kwa wakati mmoja.

Maji yakitakata, chakula kikuu cha trauti ni usubi wa ziwani, jamaa wa wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Kabla ya kuruka, mdudu huyu huacha matope ya chini na kupanda polepole mno, na trauti humngojea hapohapo karibu na sakafu ya ziwa. Tumia nzi wa bandia (chambo kinachoiga umbo la mdudu) mwembamba, mweusi au wa rangi ya damu ya mzee, mwenye nyuzi chache nyeupe kichwani, aliyefungwa kwenye ndoano ya namba 12 hadi 16. Kazi kubwa ni kupata kina sahihi, na njia ninayoiamini ni hii: tia nanga mbili, mbele na nyuma, ili mashua isizunguke, bana koleo dogo la chuma kwenye nzi, ulishushe ubavuni mwa mashua mpaka liguse chini na uzi unyooke wima, kisha sogeza chelezo kwenye uzi hadi kiwe sentimita 30 hivi chini ya uso wa maji. Ukiondoa koleo na kutupa mshipi, nzi ataning'inia sentimita hizo 30 juu ya matope. Baada ya hapo mwache atulie. Mwenye papara huvutavuta mshipi na kumtoa nzi mahali samaki alipo.

Mtoni mambo ni tofauti. Maji yakiwa baridi, trauti hujikusanya kwenye vidimbwi vyenye kina na mkondo wa pole, na nzi mwenye uzito anapaswa kupita karibu na mawe ya chini kwa kasi ileile ya maji, bila kuburutwa na mshipi. Tupa ukielekea juu ya mto, kisha inua mshipi uurudishe juu ya mkondo kabla haujapinda. Katika Bitterroot, kuanzia Machi, mdudu aitwaye skwala hutambaa kutoka chini ya mawe hadi ukingoni na kujibadilisha nchi kavu, kwa hiyo samaki wakubwa humfuata kwenye maji ya kandokando. Wengi huingia mtoni kwa pupa na kuwakanyagia samaki waliokuja kuwavua. Vua ukingo kwanza, ukiwa umesimama mbali.

Jambo moja naliomba kwa dhati. Trauti wa upinde wa mvua hutaga majira haya haya, na utayatambua mazalio yao kama viraka vya changarawe safi, iliyong'aa kuliko sehemu nyingine za mto. Usivikanyage, wala usiwavue samaki waliosimama juu yake. Tumia ndoano moja isiyo na kijino cha nyuma, ambayo katika mito ya British Columbia ni sharti la kisheria, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na umfungue angali majini.

Vaa mkanda uliokaza juu ya suruali ya mpira ili ukianguka isijae maji, na mashuani vaa jaketi la kuokolea, kwani baridi ya maji haya humaliza nguvu za mikono haraka. Theluji ya milimani ikianza kuyeyuka kwa wingi, kwa kawaida mwezi Mei, mto hupanda na kuwa wa kahawia. Uache na uelekee kwenye maziwa ya juu, ambako barafu huchelewa kuyeyuka.