Kabla ya sindano ya ukuaji kwa mtoto mwenye figo mbovu

Sindano ya homoni ya ukuaji haianzishwi kwa sababu mtoto amepitwa kimo na wenzake darasani. Hupewa aliye chini ya mstari wa asilimia 3 kwenye chati ya ukuaji, yaani mfupi kuliko karibu watoto 97 kati ya 100 wa umri wake, ambaye ameendelea kurefuka polepole kwa zaidi ya miezi 6 ingawa mengine yote yamerekebishwa. Kwa mtoto mchanga ni miezi 3. Hayo mengine ndiyo huwa yanarukwa.

Chakula kwanza: mtoto asiyeshiba harefuki. Aliye chini ya miaka 2 apimwe akiwa amelala. Mkubwa asimame bila viatu, na kama nywele zimesukwa na kufungwa juu, zifunguliwe.

Kwenye damu, baikaboneti, inayopunguza asidi, ifike milimoli 22 kwa lita, vitamini D ipite nanogramu 30 kwa mililita, madini ya fosfeti yawe ndani ya kiwango cha umri wake. Figo ikishindwa kutoa fosfeti na kuamsha vitamini D, tezi za paratiroidi, vitezi vidogo vya shingoni, huzidisha kazi na kuchota kalsiamu mifupani. Homoni ya tezi hizo ikipita pikogramu 500 kwa mililita, sindano ingoje. Tembe za kalsiamu za kuzuia fosfeti zimezwe pamoja na mlo. Tumboni mkiwa mtupu hazina cha kunasa, na kalsiamu inaingia mwilini bure. Soda nyeusi na soseji ziondoke kabisa. Omena wanaoliwa na mifupa yao, ongea kwanza na mtaalamu wa lishe.

Sukari ipimwe, tezi ya thairoidi, ile kubwa ya shingoni, ichunguzwe, na daktari wa macho aangalie ndani ya jicho. Kisha eksirei: kiganja cha kushoto kuonyesha umri wa mifupa, magoti, na nyonga.

Usikubali nyonga iachwe. Kichwa cha mfupa wa paja hushikiliwa na gegedu la ukuaji, tabaka laini ambalo mfupa hurefukia. Homoni ya paratiroidi iliyopanda hulidhoofisha, nayo sindano huharakisha ukuaji wake, basi kichwa kinaweza kuteleza. Balaa ni kwamba maumivu mara nyingi hushuka hadi gotini. Mtoto anasema goti, mama anamchua, mwalimu anadhani aliumia kwenye mpira. Zahanati wanapiga picha ya goti, wanaona ni zima, wanampa ibuprofeni, ambayo ni hatari kwa figo zile zile. Wiki zinapita anachechemea, mguu umegeukia nje. Picha ya nyonga inapopigwa hatimaye, mfupa umeteleza mbali, damu yake huenda imekatika, na kazi iliyobaki ni ya upasuaji. Kwa hiyo mtoto wa sindano hii akilalamikia goti, paja au kinena, au akichechemea, asikanyage tena. Mbebe, mpeleke siku hiyo hiyo, na uombe picha ya nyonga zote mbili, ya mbele na ya mapaja yakiwa yamepanuliwa. Sindano isimame mpaka daktari wa figo aseme.

Kipimo ni miligramu 0.045 hadi 0.05 kwa kilo kila siku, jioni, chini ya ngozi. Mwenye kilo 20 hupata kati ya 0.9 na 1. Akiongezeka uzito, hesabu ifanywe upya. Badilisha mahali pa kudunga. Aliye kwenye mashine ya kusafisha damu adungwe usiku, zikiwa zimepita saa nne au zaidi tangu atoke kwenye mashine, kwa kuwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, humvujisha damu chini ya ngozi.

Dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, bila kugandishwa. Msongamano wa Thika Road jua likiwaka unaweza kuiharibu, kwa hiyo nenda na kijisanduku chenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Iliyoganda itupwe hata ikiyeyuka.

Kabla ya kuanza, uliza SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, au bima yako italipa nini, kwa sababu ni dawa ya miaka na bei yake ni kali. Usiinunue kwa mtu wa mtandaoni. Maumivu ya kichwa na kutapika, macho kuona ukungu, kiu isiyoisha: usingoje kliniki ijayo. Akipandikizwa figo, sindano inasimama.