Kabla hujampeleka mtoto likizo kwa ndugu

Desemba ikikaribia, stendi ya Kange hujaa watoto wenye mabegi, wanakuja Tanga kwa bibi na mashangazi. Begi limekaguliwa, nguo na madaftari vimo. Atalala wapi na nani, hilo haliulizwi, tunaona haya, kama vile tunamtuhumu mwenyeji. Uliza. Nyumba zetu za Ngamiani zina vyumba sita na wapangaji wanne. Mtoto akitandikiwa mkeka ukumbini, kila anayekwenda chooni usiku anampita.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mengi yalitokea nyumbani kwa mtu au njiani, na majirani walitajwa sana. Kwa hiyo kumtisha mtoto na "watu wabaya" wasiojulikana peke yake hakutoshi. Na wavulana nao wamo, ingawa wengi wetu tunamwonya binti peke yake.

Mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hapingwi atatii hata pale asipopaswa. Amkie shikamoo, sawa, lakini ajue kuna amri za kukataa. Muulize kuhusu bodaboda wa kila siku: nani anamlipa, anapita njia gani, na kwa nini leo kamnunulia chipsi.

Mfundishe viungo vyake kwa majina yake. Mtoto wa jirani yangu alimwambia shangazi yake, "Anko alichezea kidude changu." Shangazi mtu akadhani ni gari la kuchezea, akamjibu, "Kesho utakirudishiwa." Wiki mbili zikapita.

Ukatili ukitokea, usimwogeshe wala usifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni. Kimbilia hospitali siku ileile, maana dawa za kuzuia VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Polisi nenda Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Namba 116 ni bure. Iandike nyuma ya daftari lake kabla hajapanda basi.

Wazee watakuja na kauli ya kumalizana kifamilia. Mwambie mwenyeji mapema, kabla begi halijafunguliwa, kwamba kwako hilo halipo.