Kutafsiri kipimo cha mwendo wa watoto kwa Kiurdu, na kupima kama kinaaminika

FMS (Functional Mobility Scale) ni kipimo cha mwendo kilichochapishwa mwaka 2004 na wataalamu wa Royal Children's Hospital, Melbourne, kwa ajili ya watoto wa miaka 4 hadi 18 wenye mtindio wa ubongo. Kinauliza mtoto huendaje umbali wa mita 5, mita 50 na mita 500, yaani nyumbani, shuleni na mtaani. Alama 1 ni kiti cha magurudumu, 2 fremu ya kutembelea, 3 magongo, 4 fimbo moja au mbili, 5 bila kifaa kwenye sakafu tambarare, 6 bila kifaa popote, hata penye mabonde na watu wengi. C ni kutambaa, na N ni kwamba umbali huo haumhusu. Kwa ufupi wake wengi hudhani kukitafsiri ni kazi ya jioni moja.

Kwanza tafuta kama toleo la Kiurdu lipo tayari, kisha omba idhini ya wenye kipimo kwa maandishi. Chukua watafsiri wawili ambao Kiurdu ni lugha yao ya kwanza: mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo, mwingine asiye wa fani wala asiyeambiwa kipimo kinatafuta nini. Wafanye kazi bila kuonana. Mtu wa tatu aunganishe matoleo hayo mawili na aandike sababu ya kila uamuzi. Kisha watafsiri wengine wawili, ambao hawajaona karatasi ya asili, walirudishe toleo lililounganishwa kwa Kiingereza. Kamati ya wote hao, pamoja na daktari wa watoto na mzazi mmoja, ikae na matoleo yote mezani.

Tafsiri ya kurudi isikupe raha upesi. Inaweza kufanana na ya asili neno kwa neno huku swali limeharibika. FMS inapima mtoto anachofanya siku zote, si anachoweza kufanya akisukumwa na daktari. Katika Kiurdu tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi: «chal sakta hai» ni anaweza kutembea, «chalta hai» ni hutembea. Mama anayeulizwa la kwanza atajibu kwa matumaini, na alama itapanda kutoka 2 hadi 4. Futa kila «sakta» kwenye maswali ya mwendo, na uwafundishe wapimaji wasiirudishe kwa mdomo.

Kitenzi hicho hicho hubeba jinsia (mvulana «chalta», msichana «chalti»), usumbufu ambao sisi wa Kiswahili hatuujui. Mabano na mikwaju (/) humkwamisha anayesoma kwa sauti, kwa hiyo chapisha karatasi mbili, ya wavulana na ya wasichana. Mzazi aitwe «aap», yaani «wewe» ya heshima, mwanzo hadi mwisho.

Mita 500 haziwaambii kitu wazazi wengi. Mruhusu mpimaji ataje mahali pa jirani panapojulikana: hadi msikitini, hadi dukani mwisho wa mtaa. Lakini ahakikishe mahali alipotaja pana umbali huo kweli. Mita 50 ni tabu zaidi, maana watoto wengi wenye ulemavu Pakistani hawaendi shule; kamati iamue mapema mahali mbadala pa kuulizia.

Hati ya Nastaliq, inayoandikiwa Kiurdu, huenda kulia kwenda kushoto na inataka nafasi kubwa kati ya mistari. Jedwali la 5, 50, 500 likigeuzwa ovyo, alama ya mita 500 huandikwa chini ya mita 5. Andika umbali ndani ya kila kisanduku, na utumie aina ya tarakimu inayotumika kwenye mafaili ya kliniki.

Jaribu toleo hilo kwa wazazi 30 hadi 40, wakiwemo ambao nyumbani husema Kipunjabi au Kipashto, kwani Kiurdu ni lugha ya kwanza ya Wapakistani wachache tu. Baada ya kila swali mwombe mzazi alieleze kwa maneno yake. Wengi watateleza kwenye alama 5: mtoto asiye na kifaa lakini anayeshika ukuta, fanicha au uzio hupewa 4. Na anayebebwa na mama hadi dukani si 1. Hakutumia kiti, wala hakuumaliza umbali huo, ni N.

Sasa uthabiti, yaani kama mtoto yule yule hupata alama ile ile kwa mpimaji mwingine au siku nyingine. Watoto 50 ni kiwango cha chini, 100 ni bora, na wachukuliwe kutoka ngazi zote tano za GMFCS, mfumo wa kupanga watoto wenye mtindio wa ubongo kwa uwezo wao wa mwendo. Ukiokota waliopo kliniki tu, hesabu itakuumbua. Tuseme kwa mita 500 wapimaji wawili wanakubaliana watoto 44 wana alama 1 na wawili wana 2, wakitofautiana kwa wanne, kila mmoja akitoa 2 mara mbili pale mwenzake alipotoa 1. Wamekubaliana kwa asilimia 92, lakini kappa, yaani makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati tu, ni 0.46, kwa sababu karibu wote wako alama moja.

Wapimaji wakisikiliza mahojiano yale yale, unapima uandishi wa alama tu. Kila mmoja ahoji peke yake, asione karatasi ya mwenzake. Rudia baada ya wiki mbili hivi, kwa mzazi yule yule. Baba akijibu safari ya kwanza na bibi ya pili, unalinganisha watu. Mwondoe aliyepata sindano ya botulinum ya kulegeza misuli, plasta, upasuaji au viatu vipya vya kusaidia mguu katikati. Kalenda nayo itazamwe: likizo ndefu ya kiangazi Punjab ikiingia kati ya vipimo viwili, jibu la shuleni hubadilika bila mtoto kubadilika.

Tumia kappa yenye uzito (inayohesabu tofauti kubwa ya alama kuwa kosa zaidi ya ndogo), moja kwa kila umbali, pamoja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95. Chini ya 0.70 usikubali. Usijumlishe alama za umbali tatu. C na N hazimo kwenye ngazi ya 1 hadi 6, kwa hiyo usizigeuze sifuri: ziripoti kando, zikiwa na idadi ya watoto na asilimia ya makubaliano. N zikijaa kwenye mita 500, uliza nani ana kiti cha magurudumu nyumbani kabla ya kulaumu tafsiri.