Kubadilisha paa la nyumba: anzia darini kabla hujaenda dukani

Wenye nyumba wengi hunipigia simu wakiwa wameshachagua rangi ya bati. Mimi huwauliza kwanza kama wameingia darini. Bati ndilo linaloonekana barabarani, lakini mbao zilizo chini yake ndizo zinazoamua kama unahitaji ukarabati mdogo au kuezua nyumba nzima. Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida yenye kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa) na mabati, iwe Tanga, Morogoro au Mbagala.

Hatua ya 1: Panda darini jua likiwa kali

Ingia saa sita au saa saba mchana. Kanyaga kenchi tu, kwa sababu jipsamu haibebi mtu. Zima tochi, subiri macho yazoee giza, na kila tundu litakuonyesha jua. Weka alama ya chaki kwenye papi (mbao inayopigiliwa bati) iliyo karibu na tundu hilo.

Kisha washa tochi ufuate michirizi ya kahawia kwenye mbao. Maji huingia mahali pamoja, yakateremka na mbao, yakaja kudondoka mbali. Ndiyo maana doa la sebuleni mara nyingi haliko chini ya tundu lenyewe. Fuata mchirizi kuelekea juu mpaka unapoanzia.

Sasa chukua bisibisi. Choma kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, chini ya valei (bonde ambapo pande mbili za paa hukutana), na kuzunguka bomba la hewa la choo. Mbao nzima inaikataa ncha, iliyooza inaimeza. Gonga kwa mpini wa nyundo, na ukisikia mlio wa uwazi ndani, angalia kama kuna vichuguu vya mchwa vinavyopanda ukutani hadi kwenye wolpleti, yaani mbao inayolala juu ya ukuta kubeba kenchi. Ukishuka, simama mbali kidogo upande wa mwisho wa nyumba uitazame kofia (bati linalofunika kilele cha paa) kwa jicho moja. Ikiwa imepinda kushuka katikati, kuna kenchi zilizochoka.

Kwa walio maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru: matone yakidondoka alfajiri bila mvua kunyesha, huo ni mvuke unaogeuka maji chini ya bati baridi. Dawa yake ni kuingiza hewa darini. Bati jipya halitakusaidia.

Hatua ya 2: Amua

Kama bati bado lina afya na yanayovuja ni matundu ya misumari, ng'oa misumari iliyolegea uweke skrubu ndefu zenye mpira. Kama tatizo ni valei, badilisha valei peke yake. Sehemu kubwa ya uvujaji ninaoitiwa hutoka hapo, au pale paa linapokutana na ukuta, na inasikitisha kuona mtu ameshauriwa kuezua nyumba nzima kwa ajili ya valei moja.

Kutu ndiyo inayohitaji uchunguzi wa karibu. Usiishie kwenye uso wa bati. Ng'oa misumari michache uinue ukingo mahali mabati mawili yanapolaliana. Unyevu hukaa humo bila kukauka, na kwa sisi wa pwani hukaa pamoja na chumvi, kwa hiyo bati huanza kuliwa hapo huku juu likionekana zima. Ukikuta sehemu iliyofunikwa imegeuka unga wa kahawia, na ukapata hali hiyo hiyo sehemu tatu au nne za upande huo, upande huo umekwisha. Kupaka rangi ni kujinunulia msimu mmoja tu.

Kenchi moja mbili zilizooza hurekebishwa kwa kufungiwa mbao mpya ubavuni. Zikiwa nyingi, ezua. Na usikubali bati jipya lilazwe juu ya la zamani ili kuokoa gharama ya kuezua: utakuwa umefungia unyevu na kutu humo humo, na mbao zilizooza umezificha.

Kama paa lako ni la asbestosi, simama hapa

Mabati ya asbestosi ni mazito, ya kijivu kama saruji, na huvunjika badala ya kukunjika. Bado yapo kwenye baadhi ya nyumba za zamani. Usiyakate, usiyavunje, usifagie vumbi lake likiwa kavu. Vumbi hilo husababisha saratani ya mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Wasiliana na NEMC, mamlaka ya mazingira ya Tanzania, au NEMA kwa walio Kenya, upate maelekezo ya kuyaondoa na mahali pa kuyafukia. Usimwachie kibarua mwenye nyundo.

Hatua ya 3: Pima mwenyewe

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9, paa la pande mbili, na vipenu (sehemu ya paa inayozidi ukuta) vya sentimita 60 pande zote. Kutoka katikati ya nyumba hadi ukingo wa kipenu ni mita 5.1. Tuseme kofia iko mita 1.7 juu ya usawa wa ukingo huo. Zidisha 5.1 kwa 5.1, zidisha 1.7 kwa 1.7, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata mita 5.38. Ongeza sentimita chache bati lifike ndani ya gata (mfereji wa maji ya mvua), uagize mita 5.45.

Urefu wa paa ni mita 13.2. Muulize muuzaji upana ambao bati linafunika likishalaliana, maana upana wa bati lenyewe utakudanganya. Likifunika sentimita 75, unahitaji mabati 18 kila upande, jumla 36. Kofia za mita 3 zikilaliana sentimita 15, unahitaji 5. Ukiwa na hesabu hii mkononi, makadirio ya fundi utayasoma ukijua unachosoma.

Hatua ya 4: Nunua kwa unene

Unene wa bati hutajwa kwa geji. Namba ya geji ikipungua, bati linakuwa nene zaidi. Geji 28 huwa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na geji 32 ni jembamba zaidi. Nenda na kipimo cha maikromita, kwa kuwa kilichoandikwa kwenye bati na kilichomo wakati mwingine havifanani. Kwa nyumba ya kuishi mimi siweki geji 32, na kwa geji 30 sizidishi sentimita 90 kati ya papi na papi.

Mbao ziwe zimetiwa dawa na zimekauka. Dawa yenye shaba ikiwa bado mbichi hula bati la aluzinki, yaani lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki.

Hatua ya 5: Msimu na makubaliano

Panga kazi kati ya Juni na Septemba. Masika yamepita, vuli haijafika, na hata Dodoma na Nyanda za Juu Kusini ni kiangazi. Ukibadilisha umbo au urefu wa paa, ulizia kibali halmashauri. Ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, anzia Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kugusa chochote.

Andikianeni: nani ananunua vifaa, mabati ya zamani ni ya nani, nani analipia dari likivunjika, na malipo kwa awamu. Awamu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi mvua ya kwanza.

Hatua ya 6: Siku ya kazi

Zima umeme kwenye swichi kuu. Nyaya zinapita darini. Ezueni upande mmoja kwa wakati, turubai likiwa tayari chini. Kabla bati halijapanda, hakikisha kila kenchi imefungwa kwenye wolpleti kwa waya au bamba la chuma.

Mabati yaanze kulazwa kutoka upande wa pili wa unakotoka upepo. Pwani, ambako kusi huvuma kwa nguvu, fundi aanzie mwisho wa kaskazini akielekea kusini, ili upepo usiingie chini ya ukingo. Misumari hupigwa mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni yanakopita maji. Skrubu ikazwe mpaka mpira uguse na kutulia. Mpira uliobanwa ukatoka pembeni umeshaharibika.

Kata kwa mkasi wa bati. Grainda huunguza rangi, na chembe zake za moto hunata juu ya bati. Zikipata umande zinaacha madoa ya kutu kwenye paa jipya. Vyovyote mtakavyokata, fagieni paa jioni ile ile.

Hatua ya 7: Mvua ya kwanza

Inaponyesha, rudi darini na tochi. Anza na valei, kisha bomba la choo, kisha maungio ya ukuta, na pitisha kiganja chini ya kofia yote. Pakiwa na unyevu, mpigie fundi mvua ikiendelea ili aone mwenyewe maji yanapopita. Pakiwa pakavu, mmalizie fedha yake.