Picha za kanda zinakatika? Anza na kioo cha kamera, kompyuta baadaye

Wanakikundi, wiki hii nimeletewa kamera tatu za kanda ndogo za MiniDV hapa Majengo, zote na lalamiko lilelile: "Fundi, nikihamishia kanda kwenye kompyuta, kompyuta inakata picha." Kompyuta mbovu ilikuwa moja tu. Zile mbili ni vumbi. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti mnaujua. Ukirekodi sendofu uwanjani, kamera inakula vumbi kabla wageni hawajala wali.

Hatua ya 1. Chomoa waya wote, cheza kanda kwenye kamera yenyewe, angalia kioo chake, yaani skrini, siyo lenzi. Ukiona vimrabamraba au michirizi, au sauti inakwamakwama, usiiguse kompyuta kwanza. Cheza na kanda nyingine. Zote zikiwa hivyo, hedi, yaani kile kisomaji kinachogusa kanda ndani ya kamera, ni chafu. Kioo kikiwa safi na kompyuta ndiyo inaleta mauzauza, ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2. Safisha hedi. Kanda ya MiniDV ina upana wa milimita 6.35 tu, na ngoma ya hedi, ile silinda inayobeba hedi, inazunguka mara 9,000 kwa dakika, kwa hiyo vumbi usiloliona kwa macho linatosha kuziba. Weka kanda kavu ya kusafishia, icheze sekunde 10, itoe, jaribu. Usiirudishe nyuma. Mara mbili tatu zinatosha, maana ile ni msasa na inakula hedi yenyewe. Vijiti vya pamba vya masikioni sitaki hata kuviona. Nilipokuwa najifunza nilivitumia, nikasugua juu na chini badala ya kufuata mzunguko wa ngoma, uzi mmoja wa pamba ukanasa kwenye ncha ya hedi. Kamera ikafia mkononi mwangu, na haikuwa yangu. Nililipa kwa miezi minne.

Hatua ya 3. Waya. Kanda inavutwa, yaani inahamishiwa kwenye kompyuta, kwa waya wa FireWire, ule wa kupitisha video ya kidijitali. Tundu la USB kwenye kamera nyingi za MiniDV ni la picha za mnato, au video hafifu. Kamera ina tundu dogo la pini 4, kompyuta ya mezani mara nyingi pini 6. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka: pini 6 inabeba umeme, na ukiilazimisha kinyume kwenye tundu lililolegea umeunguza kamera. Kompyuta isiyo na tundu hilo, nunua kadi ya kuchomeka ndani. Mimi natafuta yenye chipu ya Texas Instruments. Vile vichwa vya bei chee vya kugeuza FireWire kuwa USB ni kuliwa hela tu.

Hatua ya 4. Diski. Saa moja ya kanda inakula karibu GB 13. Vutia kwenye diski ya pili, siyo ile yenye Windows, na wakati wa kuvuta zima antivairasi na intaneti, la sivyo fremu zinadondoka, yaani picha zinarukwa.

Hatua ya 5. Kompyuta ikizima yenyewe katikati ya kazi, gusa kasha. Likiwa la moto, lifungue upulize vumbi kwa blowa, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Windows 10 inaiona kadi lakini kamera haionekani.
Marahaba. Kwanza hakikisha kamera iko upande wa kucheza kanda, siyo wa kurekodi. Kama iko, badilisha draiva ya kadi, ile programu inayoiendesha, weka ile ya zamani yenye neno Legacy. Hapo wengi wanapona.

Mkuu, kila nikivuta, faili linakata kabla ya dakika 20. Waya nimebadilisha mara mbili.
Pole, waya hauna kosa. Diski yako imefomatiwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Hamisha vitu vyako, uifomati kwa mtindo wa NTFS.

Kanda ya harusi yetu ya 2005 inaleta miraba, ila kanda zingine zinacheza vizuri kwenye kamera hiihii.
Hiyo huenda ilirekodiwa kwa LP, ule mtindo wa kubana dakika 90 kwenye kanda ya 60. Kanda za LP zinasumbua sana kwenye kamera nyingine. Mtafute aliyewapiga picha, muulize kama kamera ile bado anayo.

Umeme ukikatika wakati navuta, kanda inaharibika?
Kanda haiharibiki, ila faili linaweza kugoma kufunguka. Weka UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, na vuta vipande vya robo saa, usivute saa nzima.

Fundi, kamera ilikuwa nzima Dodoma. Nimefika nayo Dar, imeandika alama ya tone la maji na imegoma kabisa.
Dada, umeitoa kwenye chumba cha kiyoyozi ukaingia nayo kwenye joto la nje, siyo? Imetoka jasho ndani. Toa kanda kama inatoka, acha mlango wa kanda wazi, subiri saa moja au mbili. Usiipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Kesho, kabla hujatoka nayo, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki mpaka izoee joto.