Somo: Shawa ya instanti haitoi maji moto msimu wa baridi. Anza na maji, stima baadaye

Shawa ya instanti ni ile ya stima inayopasha maji papo hapo yanapopita. Kuanzia Juni hadi Agosti malalamiko ni yale yale hapa Nairobi, Githurai hadi Lang'ata: "Shawa imeharibika." Mara nyingi haijaharibika. Maji ya tanki la juu ya paa yamepoa, na mashine ile ile ya wati 5,500 haiwezi kuyapasha kwa kasi mliyozoea kuyafungulia Februari. Ndiyo maana tunaanza na jagi na saa, bisibisi itafuata.

Hatua ya 1: Pima kasi ya maji

Zima stima, fungua shawa kama unavyooga, kisha kinga jagi la lita 1 huku ukihesabu sekunde.

Tuseme maji ya tanki yana nyuzi 17 na unataka kuoga kwa 39. Lazima yapande nyuzi 22. Wati 5,500 zinaweza kufanya hivyo kwa lita 3.6 hivi kwa dakika, yaani jagi lijae kwa sekunde 17. Likijaa kwa sekunde 10, maji yanapita lita 6 kwa dakika na yatapanda nyuzi 13 tu. Hayo ni vuguvugu, na hakuna kipuri kitakachobadilisha hesabu hiyo. Punguza koki mpaka sekunde zifike 17, weka kitufe kwenye moto wa juu, ujaribu tena kabla ya kumwita yeyote.

Jagi likichukua zaidi ya sekunde 30, shida ni kinyume. Ndani ya shawa kuna mpira unaosukumwa na presha ya maji ili kontakti zigusane. Presha ikiwa ndogo, mpira hausukumi na elementi, koili inayopasha maji, haiwaki kabisa. Hapa angalia mambo manne: maji yamebaki kiasi gani kwenye tanki, valvu ya bomba imefunguliwa yote, chujio dogo pale maji yanapoingilia, na matundu ya kichwa cha shawa. Mitaa yenye mgao inajua hili vizuri: maji yakirudi baada ya siku kadhaa huja na tope, na tope hilo hukaa kwenye chujio. Fungua sahani ya matundu, iloweke kwenye siki saa moja, pitisha sindano kila tundu, suuza.

Hatua ya 2: Je, stima inafika?

Washa swichi ya shawa. Taa yake isipowaka, angalia breka kwenye boksi. Taa ikiwaka, fungua maji usikilize: shawa nzima hutoa mlio mfupi wa "tak" mpira unaposukuma kontakti. Kisha mtu aangalie mita ya stima. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, taa yake ndogo itapepesa karibu mara tatu kila sekunde mbili shawa inapovuta wati 5,500. Ikiendelea kupepesa polepole kama kabla ya kufungua maji, elementi haivuti chochote.

Hatua ya 3: Nyaya na viungo

Kuanzia hapa zima breka yenyewe. Swichi ya bafuni pekee haitoshi. Hakikisha kwa tesita kwamba hakuna stima. Kama hujawahi kufungua kifaa cha stima, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Bafuni una maji mwilini na miguu kwenye sakafu yenye maji, hakuna nafasi ya kubahatisha.

Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta ampea 23. Inataka breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6 za mraba. Waya wa 2.5, ule wa soketi, utapata moto ndani ya ukuta. Kiungo kati ya waya wa ukutani na shawa kiwe cha kauri. Kile cha plastiki huyeyuka, skrubu hulegea, na kiungo kilicholegea huungua hata elementi ikiwa mpya. Ukiona weusi au harufu ya plastiki, kata sehemu iliyoungua mpaka ufike kwenye shaba safi, ufunge upya.

Waya wa kijani na manjano lazima uwe kwenye ethi halisi, yaani njia ya kupeleka stima inayovuja ardhini. Fundi akikuambia "hii si lazima", mtafute mwingine.

Hatua ya 4: Elementi

Weka multimita kwenye omu 200, pima ncha za elementi upande wa moto wa juu. Nzima husoma omu 10 au 11 hivi. Isiposoma kitu, koili imekatika. Nenda na ya zamani dukani ili ulinganishe umbo, wati na volti. Usichukue kwa kukisia.

Ukishafunga mpya, pitisha maji baridi dakika nzima kabla ya kurudisha breka. Elementi ikiwashwa bila maji hukatika kwa sekunde chache. Wengi huirudisha dukani wakidhani ni feki.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pipeline:* Habari mwalimu. Asubuhi iko sawa, saa mbili usiku maji ni baridi. Ni elementi?

*Jibu:* Hapana, elementi haichagui saa. Jioni jengo zima linapika na kuoga, volti hushuka. Zikifika 200 badala ya 240, wati 5,500 zinabaki kama 3,800. Punguza maji, jagi lijae kwa sekunde 24. Ikiwa taa za nyumba nazo hufifia, mwenye nyumba aite fundi akague waya mkuu wa jengo.

*Mwanachama, Kitengela:* Ndugu, nabadilisha elementi kila mara. Maji yetu ni ya kisima.

*Jibu:* Elementi ya kawaida ni koili iliyo uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi huila, huigandisha chokaa, na pia hupitisha stima zaidi. Acha kununua elementi, nunua shawa ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Ukihisi mtekenyo kwenye koki, acha kuitumia leo hii mpaka ethi ikaguliwe.

*Mwanachama, Umoja:* Breka inaanguka baada ya dakika tano. Niweke kubwa zaidi?

*Jibu:* Usiweke, dada. Ikianguka papo hapo ni shoti au stima inavuja. Ikianguka baada ya dakika kadhaa ni joto: breka ni ndogo, labda ya 20, au skrubu zake zimelegea. Fundi akaze skrubu na apime waya kwanza. Breka ya 32 huwekwa tu kama waya unaiweza.

*Mwanachama, Ruaka:* Sisi tuna sola ya kupasha maji, mawingu ya Julai yametushinda.

*Jibu:* Tumieni elementi ya akiba iliyo ndani ya tanki. Tanki la lita 200 kutoka nyuzi 17 hadi 55 kwa elementi ya wati 2,000 huchukua saa nne na nusu, karibu yuniti 9. Iwasheni mchana, baada ya jua kufanya sehemu yake. Usiku mtalipia nyuzi zote.