Jinsi ya kupasua matumba ya bamia uone ovari (kifuko cha mbegu ndani ya ua) inavyojijenga

Mdogo wangu ana mtihani wa vitendo wa baiolojia, na mchoro wa kitabuni ulikuwa umemchanganya. Nikampa bamia: ua kubwa, kila sehemu inashikika.

Hatua ya 1. Kata shina moja lenye matumba. Bamia huchanua kuanzia chini kwenda juu, ua moja kwenye kila kwapa la jani, kwa hiyo la kileleni ndilo changa kuliko yote na la chini karibu kuchanua. Chukua pia bamia changa.

Hatua ya 2. Menya sepali (vijani vya kijani vinavyofunika tumba) na petali (zile zenye rangi). Pasua bomba la stameni (sehemu za kiume zenye chavua) kwa sindano, kwa urefu. Staili, kijiti kinachotoka juu ya ovari, imepita ndani yake.

Hatua ya 3. Ute. Hapa ndipo saa zinapoishia. Ukikata ovari mbichi wembe unateleza, ute unazivuta ovuli (zinazokuja kuwa mbegu) nje ya vyumba, na hujui tena nini kilikuwa wapi. Usioshe kwa maji, utauongeza. Loweka matumba kwenye spiriti usiku kucha, kichupa kifunikwe na kikae mbali na jiko. Spiriti hugandisha ute na kukaza ovari. Ila hufifisha ukijani, basi kama unataka rangi, chora kwanza. Matumba madogo yatoe mapema, yakikaa sana humeguka.

Tumia wembe mpya wa kunyolea. Visu vya maabara vingi ni butu, sivitaki. Funga plasta upande wa kushikia, vuta mara moja bila kurudisha, na ufute wembe kwa pamba yenye spiriti kila ukikata.

Hatua ya 4. Kata ovari kwa mlalo, tazama kwa lenzi. Tumba la chini lina vyumba 5 au zaidi. Kila chumba ni kapeli moja (kipande cha kike kinachojenga ovari), na kuta ni pale kapeli jirani zilipoungana. Ovuli zimeshika upande wa katikati. Kadiri unavyopanda shina zinakuwa vinundu tu. La kileleni huenda lisionyeshe kitu, maana kapeli huota mwisho, baada ya sepali, petali na stameni. Hapo ni kazi ya hadubini.

Ndani ya ovuli usihangaike na wembe. Katika mimea mingi, seli mama hugawanyika kwa meiosisi (mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu) kuwa 4, tatu zinakufa, na kiini cha iliyobaki hugawanyika mara tatu kuwa viini 8. Hayo yatafute kwenye slaidi zilizokwisha kuandaliwa.

Hatua ya 5. Kata ile bamia changa. Vyumba ni vilevile, ovuli zimekuwa mbegu nyeupe, na ncha iliyochongoka ndipo staili iliposhikia.